Kati ya Kukubaliwa na Jumatatu ya Kwanza

Wanangu, mtu akiwaambia kwamba kazi ya kusajili wanafunzi inakwisha siku ya kusajili, mtazameni vizuri. Huyo hajawahi kuifanya.

Mimi nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, katika chuo kimoja hapa Woolwich, hatua chache kutoka sokoni. Naitwa Mwanaidi. Nimezaliwa Malindi, nimezeekea London, na magoti yangu yameharibikia kwenye ngazi za chuo hicho. Nasikia baadhi yenu mmeajiriwa juzijuzi katika ofisi kama ile yangu, mkapewa simu na orodha ya majina, mkaambiwa, "Wafuatilieni hawa." Hakuna aliyewaeleza maana yake. Basi kaeni niwaeleze.

Mtu anakubaliwa chuoni mwezi wa tano. Anafurahi, anapiga picha na barua yake, anamtumia mama yake Nairobi au Bukavu. Masomo yanaanza Septemba. Hapo katikati chuo kinalala, lakini maisha ya yule mtu hayalali. Mtoto anaugua. Meneja anambadilishia zamu. Shemeji anamwangalia juu mpaka chini na kumuuliza, "Kwa umri huo?" Septemba ikifika, mwalimu anaita jina na hakuna anayeitika. Ofisini tulikuwa na neno la mtu kama huyo: ameyeyuka. Hakugombana na mtu, hakuaga, ameyeyuka tu.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Bi Jaya, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, aliyekuwa akisafiri kila asubuhi kutoka Stanmore, upande wa pili kabisa wa mji, na thermosi ya chai mkobani kwa sababu hakuiamini chai ya chuo. Kiswahili chake kilikuwa cha Kisumu kwelikweli. Siku yangu ya kwanza alinipa orodha, nami nikapiga simu kwa kila mtu: "Habari, bado utakuja Septemba?" Wote wakasema watakuja. Nilimrudishia orodha nimejaza alama za ndiyo toka juu hadi chini, nimevimba kama andazi.

Bi Jaya akacheka mpaka akavua miwani.

"Mwanaidi, ukimuuliza mtu mzima kama atakuja, atasema atakuja. Ni adabu tu. Usimuulize hivyo. Muulize atapanda basi gani."

"Basi gani?"

"Basi gani, saa ngapi, na mtoto atamwacha na nani. Anayekuja kweli ana jibu. Asiyekuja atakohoa."

Nikapiga upya. Wanangu, siku ile nilisikia vikohozi vya kila aina.

Vyombo vya kazi vimebadilika sana tangu siku zile. Tulianza na barua za posta, zikaja barua pepe, zikaja meseji. Mwaka mmoja chuo kilinunua programu mpya ya kompyuta ya kuwaandikia wanafunzi wote kwa mpigo, kila mmoja kwa jina lake. Ilipofika siku ya kuitumia, programu ikasahau majina. Mamia ya watu walipokea ujumbe wa kukaribishwa ulioanza, "Mpendwa Jina la Kwanza." Kijana mmoja wa Stratford akajibu, "Asanteni sana. Wenu mtiifu, Jina la Mwisho." Nilimpigia mwenyewe siku hiyohiyo. Mtu anayekujibu, hata kwa kejeli, bado yuko nawe. Muogopeni anayenyamaza.

Sasa niwaambie juu ya kosa langu, maana ndilo lililonifundisha kuliko mafanikio yote.

Tulikuwa na kozi ya mwaka mmoja kwa watu wazima wanaotaka kuingia chuo kikuu kusomea uuguzi na ukunga. Wengi wao walikuwa wafagiaji na walezi wa wazee, watu ambao kwao walikuwa na kazi za maana lakini vyeti vyao havikuvuka mpaka pamoja nao. Mwaka ule mkuu wa idara, Mwingereza mmoja mrefu, mpole, aliyezoea kuongea huku akiangalia viatu vyake, aliniita mwezi wa saba.

"Mwanaidi, mwaka jana darasa lile lilianza na viti vitupu. Safari hii nimeambiwa nihesabu Jumatatu ya kwanza. Lisipojaa, kozi inafungwa."

"Inafungwa mwaka huu?"

"Inafungwa moja kwa moja."

Nikaingiwa na kiwewe. Bi Jaya alikuwa likizo Leicester kwa binti yake, na mimi nikaona hii ndiyo nafasi yangu ya kuonyesha ukali. Nikaandika barua. Niliwataka wote waje kufanya jaribio la hesabu, waje na hati zote za kuthibitisha haki yao ya kukaa nchini, na nikaongeza kwa herufi nzito kwamba asiyefika katika muda wa siku kumi na nne nafasi yake itaondolewa bila taarifa nyingine. Niliisoma mara mbili. Niliipenda. Nikaitia kwenye bahasha za kahawia, ndizo zilizokuwapo, nikazipeleka posta mwenyewe.

Bi Jaya aliporudi aliisoma nakala akiwa amesimama, bado na koti mwilini.

"Hii umewaandikia wanafunzi au wahalifu?"

"Nimewahimiza, Bi Jaya."

"Umewafukuza," akasema, akaketi.

Alikuwa sahihi. Siku ya jaribio walikuja wachache mno, na simu zangu zikaanza kuita bila kupokelewa. Miongoni mwa walionyamaza alikuwamo mwanamke ambaye sikutarajia kabisa anyamaze.

Aliitwa Mama Neema, kwa jina la binti yake. Alitoka Uvira, Kongo, ambako alikuwa amefanya kazi miaka minane kwenye zahanati, akiwasaidia wakunga. Hapa alisafisha jengo la ofisi kule Stratford, akianza kabla jua halijachomoza. Alipokuja kuhojiwa mwezi wa tano alikuwa bado amevaa sare ya kazi. Nilimuuliza kwa nini anataka ukunga. Akafikiri, kisha akasema, "Dada, kuna namna mutoto analia mara ya kwanza. Nimekaa hapa miaka mingi sijaisikia." Nilimpitisha palepale. Nilikuwa tayari kuapa kwamba dunia nzima ikiyeyuka, huyu atabaki.

Nikapiga kwake. Ikapokelewa na Neema, msichana wa miaka kumi na minne, aliyenijibu kwa Kiingereza cha mitaa yetu ingawa nilimsalimu kwa Kiswahili.

"Mama yuko?" nikauliza.

Nikasikia mnong'ono nyuma yake.

"Mama amesema hayupo," akajibu.

Msicheke. Au chekeni, mimi mwenyewe nilicheka baadaye. Wakati ule nilikata simu nikashika kichwa. Kwenda nyumbani kwake nisingeweza, sheria za ofisi zilikataza, na kwa haki: mtu aliyejificha hapendi kugongewa mlango. Bi Jaya akanisukumia kikombe cha chai.

"Umemwandikia kwa Kiingereza cha serikali," akasema. "Sasa ongea naye kama mtu."

Nikaingia stoo ya karatasi, nikafunga mlango, nikarekodi ujumbe wa sauti kwenye simu ya ofisi. Niliurekodi mara tano. Mara nne za kwanza nilisikika kama mtangazaji wa redio. Mara ya tano nikasema hivi: "Mama Neema, ni Mwanaidi wa chuo. Ile barua niliiandika mimi. Si polisi, si uhamiaji, ni mimi. Niliiandika vibaya na ninakuomba radhi. Hilo jaribio halimfukuzi mtu, linamwonyesha mwalimu aanzie wapi. Nafasi yako ipo. Nijibu hata kwa kunitukana."

Zile alama mbili za ujumbe zikageuka buluu. Amesikia. Siku ya kwanza hakuna jibu. Siku ya pili hakuna. Siku ya tatu, mchana, simu ikalia na ujumbe wa sauti, mrefu.

"Dada Mwanaidi," sauti yake ilikuwa ya chini. "Ile barua ni wewe uliandika? Wewe ulinichekea muzuri ile siku? Unajua siku kumi na nne ni nini? Mwaka ule tuliomba hifadhi, uhamiaji walituandikia vilevile. Bahasha vilevile, maneno vilevile. Siku kumi na nne tutoke kwa nyumba. Neema alikuwa mudogo. Leo niko na karatasi zangu zote, sina kosa, lakini niliona ile bahasha mikono ikakataa. Nilisema basi, hata shule sasa wananitafuta." Nikadhani ujumbe umekwisha. Kisha akasema, "Kama unataka kusema na mimi, Jumamosi niko sokoni Woolwich, kwa mama anauzisha sombe. Kuja bila karatasi."

Niliusikiliza mlangoni mwa ile stoo, nikalia kidogo. Miaka yote nilikuwa nikijisifu kwamba naijua kazi. Sikuwahi kuwaza bahasha inafikaje mkononi mwa mtu.

Jumamosi nikaenda, mikono mitupu, na Bi Jaya akasisitiza kunifuata na thermosi yake. Nilitarajia kumkuta Mama Neema peke yake. Nilikuta wanawake watano wamesimama mbele ya meza ya sombe, yale majani ya muhogo tunayoyaita kisamvu, mikono imekunjwa kifuani, na kila mmoja alikuwa kwenye orodha yangu. Nikawatambua mmoja mmoja. Wote wa kanisa moja. Mama Neema alikuwa amewasomea barua yangu baada ya ibada na kuwashauri wasiende popote. Kumbe sikumpoteza mwanafunzi mmoja tu. Nilikuwa nimempoteza kiongozi, na darasa langu likaondoka naye.

Mmoja wao, mama wa makamo aitwaye Mama Espérance, akatoa barua kwenye mkoba na kunipa.

"Sema kwa Kiswahili. Hii inasema nini?"

Nikaisoma, nikiitafsiri sentensi baada ya sentensi, katikati ya wateja na mifuko ya maembe na mihogo. Kila sentensi ilitoka kinywani mwangu ikiwa mbaya zaidi ya iliyotangulia. Nilipofika "nafasi yako itaondolewa bila taarifa nyingine," muuza sombe mwenyewe, ambaye hayakumhusu, akasema, "Ah! Mama, hata wewe!"

"Hata mimi," nikasema. "Ningeletewa mimi, nisingekuja."

Hapo Bi Jaya, aliyekuwa nyuma yangu, akajitokeza na sari yake na viatu vyake vya mpira, akauliza kwa Kiswahili, "Sasa nyinyi mama mmesimama tangu saa ngapi? Nani anakunywa chai?"

Wakageuka wote kwa pamoja. Mama Neema akashika mdomo. "Muhindi anasema Kiswahili!"

"Nimezaliwa Kisumu," akasema Bi Jaya akimimina. "Nimekifahamu kabla baba yako hajamuona mama yako."

Kicheko kilichotoka pale kilisimamisha watu. Vikombe vikapita mkono kwa mkono, na mikono ile iliyokunjwa ikakunjuka, maana hakuna anayeweza kushika kikombe cha chai ya moto na kukunja mikono. Kisha Bi Jaya, kama anayeuliza bei ya mchicha, akasema, "Haya. Jumatatu ya kwanza mtapanda basi gani?"

Wanne wakajibu. Mama Neema akakohoa.

Nikamgeukia. "Mama Neema?"

"Mimi natoka kazi Stratford saa tatu asubuhi," akasema. "Shule inaanza saa tatu. Nilisoma ile ratiba nikajua haitawezekana, kabla hata ya barua. Niliona haya kusema. Nilisema moyoni nitaona ikifika."

"Na nyinyi?" nikawauliza wengine.

Mama Espérance akatazama chini. "Mimi pia nasafisha asubuhi. Ningeacha kazi."

Basi wanangu, sikilizeni hapa. Barua yangu iliwatisha, kweli. Lakini chini ya barua palikuwa na saa tatu asubuhi. Ningeomba radhi mpaka kesho, ningewatumia maua, wasingefika, kwa sababu treni haiwezi kumchukua mtu Stratford na kumfikisha Woolwich kwa dakika sifuri. Swali la basi ndilo lililolitoa lile jambo. Mtu akiacha kuja, hofu ndiyo inayoonekana kwanza. Chimbeni kidogo, mtakuta saa, au mtoto, au nauli.

Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkuu wa idara kabla hajavua kofia ya baiskeli.

"Darasa la uuguzi lianze saa nne," nikamwambia.

"Mwanaidi, ratiba imeshaingia kwenye mfumo. Mfumo umefungwa."

"Basi mfumo uje usomee uuguzi."

Akaangalia viatu vyake. Nilizoea kuondoka akiangalia viatu. Siku ile nikaketi. Nikamweleza habari za sokoni, za bahasha ya kahawia, za mikono iliyokataa, na sikujificha kwamba barua ilikuwa yangu. Nikamwambia watu anaowataka wapo, wanaamka kabla yetu sote, na kinachotutenganisha nao ni saa moja.

"Saa moja tu?" akauliza.

"Saa moja tu."

Akainua macho. Ilichukua wiki mbili, hati tatu na mwalimu mmoja aliyekubali kuhamisha kipindi chake cha mchana. Lakini saa nne ikawa saa nne. Nikaandika barua nyingine, na safari hii niliisoma kwa sauti mbele ya Mama Neema kwenye simu kabla ya kuituma. Alinifanya nifute sentensi nne. "Hii inanuka ofisi," alikuwa akisema. "Toa." Niliitia kwenye bahasha nyeupe. Na kila wiki mpaka Septemba nilimtumia kila mmoja ujumbe wa sauti mfupi: chumba kiko ghorofa gani, mwalimu anaitwa nani, hivi hapa ndivyo mlango ulivyo. Mambo madogo. Mtu akishajua mlango ulivyo, ameshaingia nusu.

Jumatatu ya kwanza ikafika. Mkuu wa idara alisimama mlangoni mwa darasa na karatasi yake ya kuhesabia. Walianza kuja robo saa kabla: Mama Espérance na wenzake watatu, muuguzi wa zamani kutoka Nakuru, kijana mlezi wa wazee, wengine na wengine, mpaka viti vikaisha isipokuwa kimoja, mbele kabisa. Saa nne kamili. Nikamtazama Mama Espérance. Akainua mabega, yeye pia hajui.

Saa nne na dakika tano. Mwalimu akafungua kitabu cha mahudhurio. Bi Jaya akanishika kiwiko. Saa nne na dakika nane nikasikia viatu kwenye ngazi, vikikimbia, na si vya mtu mmoja. Mama Neema akatokea na sare yake ya kazi, jasho usoni, amemshika mkono mwanamke mwingine mwenye sare kama yake.

"Treni ilisimama njiani," akasema akihema. "Dada, huyu tunafanya naye kazi. Alikuwa muuguzi Asmara. Nimemwambia yote. Naye anataka."

Mwalimu akatazama kiti kimoja, kisha wanawake wawili. "Lakini viti vimekwisha," akasema.

Mkuu wa idara akageuka. Akatoka. Nikasikia magurudumu kwenye korido, na yule Mwingereza mrefu akarudi akisukuma kiti chake mwenyewe cha ofisini, kile cha ngozi chenye mikono miwili, akakipitisha mlangoni, akakiweka mbele, karibu na cha Mama Neema. "Tafadhali," akamwambia yule mama wa Asmara. Mama akaketi kama malkia. Darasa zima likapiga makofi, na mkuu wa idara akawa mwekundu mpaka masikioni. Ile karatasi ya kuhesabia aliikunja akaitia mfukoni. Hakukuwa na haja.

Kozi haikufungwa, wanangu. Ipo hadi leo, na inaanza saa nne.

Mama Neema alimaliza mwaka ule, akaenda chuo kikuu, akahangaika na takwimu na Kiingereza cha insha, akamaliza. Bi Jaya amestaafu na bado ananipigia simu kukosoa Kiswahili changu. Mimi nami siku yangu ya kustaafu ilipofika, walinifanyia karamu ndogo kwenye kile chumba cha darasa, na wale wanawake wakaja. Mama Neema ndiye aliyechelewa. Aliingia na sare, lakini sare nyingine, ya ukunga, beji yake kifuani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa ametoka moja kwa moja wodini, ambako asubuhi ile alipokea mapacha.

Nikamvuta kitini. "Pole, mwenzangu. Umechoka."

Akavua viatu chini ya meza, akanyoosha miguu, akatabasamu.

"Nimechoka muzuri, dada," akasema. "Nimechoka muzuri sana."